Nimeitwa kamati ya kiufundi ya chama cha watu wa maji, posho hamna, niende?

fundi_pasua
Wakuu habari za jioni, shkamoo kwa wakubwa. Mi ni fundi wa mtandao wa maji hapa Moshi, mwaka wa tisa sasa nachimba na kuziba. Juzi bosi kaniita ofisini nikajua nimeharibu, kumbe chama chetu cha watu wa maji kinaunda kamati ya kiufundi ya upotevu wa maji wakaomba mtu wa fildi kutoka huku Kaskazini, kanitaja mimi. Kikao Arusha kila baada ya miezi mitatu, katikati ni Zoom, yote kwa kujitolea. Nikauliza na nauli je, akacheka tu. Sasa mliowahi kukaa huko hebu niambieni mnafanyaga nini hasa, maana naogopa nisije nikakaa na mainjinia wanamwaga kizungu mimi natafuna korosho mpaka jioni.

mama_mita
Kaka nenda. Mi nilikaa kamati ya mita miaka minne. Kazi yenyewe ni kusoma rasimu ya mwongozo kipengele kwa kipengele, kuna siku chai ya saa nne ilipoa tunabishania neno moja tu, iandikwe "lazima" au "inashauriwa", kwa sababu ukiweka lazima na ile mamlaka ndogo ya maji ya mji yenye pikipiki moja na mafundi wawili itabanwa hivyo hivyo. Korosho hutakula. Siku moja wataalam walikuwa wanasifia usahihi wa mita kwa vipimo vya maabara, nikanyoosha mkono nikasema huku kwetu kila nyumba ina simtank juu, flota ikikaribia kufunga maji yanaingia membamba kama uzi, mita kuukuu haigeuki kabisa, mtu anajaza tenki usiku kucha bili inabaki pale pale. Wakanyamaza. Ile hoja ipo kwenye mwongozo sasa hivi, mistari miwili, jina langu halipo ila mi naijua ni yangu.

chalii_sakina
Aisee mnampamba tu mwenzenu. Kujitolea kwa nani? Kamati niliyokaa mimi waliokuwa wanafika kila kikao ni wauza mabomba, kampuni inawalipa mshahara na hoteli juu, sisi wa mamlaka tukawa tunatuma udhuru. Nadhani unajua mwongozo ulikuja kupendelea bomba za nani.

mama_mita
@chalii_sakina si ndo sababu ya yeye kwenda sasa! AWWA ya Marekani, chama cha watu wa maji cha tangu 1881, kamati zao za viwango wana utaratibu wa kugawa viti, muuzaji, mtumiaji na asiye na upande, kundi moja lisiwazidi wengine. Mkituma udhuru kiti chenu kinabaki wazi, unamlaumu muuza bomba kwa lipi.

mstaafu_usariver
Marhaba kijana. Ile jedwali ya mizania ya maji unayojaza kila mwezi, maji yaliyoingia, yaliyolipiwa, yaliyovuja, yaliyoibwa, unadhani ilishuka kutoka mbinguni? Ni watu wa IWA, chama cha kimataifa cha maji, walikaa kwenye vikao kama hivyo unavyovikimbia, ikatoka mwaka 2000, leo dunia nzima inaitumia.
Nikupe na ya hapa nyumbani. Huku chini ya Meru maji yana floridi, meno ya watoto wetu yana rangi ya chai, kila mtu anajua. WHO wanasema 1.5 mg kwa lita, kiwango chetu kikaruhusu mpaka 4 kwa miaka mingi. Sio kwamba watu walikuwa hawajui. Ukiandika 1.5 unafunga visima vya vijiji ambavyo havina maji mengine, ukiandika 4 unaharibu meno. Namba hiyo waliipanga watu wamekaa mezani. Sisi wa kituo cha Ngurdoto tuliokuwa tunachoma mifupa ya ng'ombe kutengeneza mkaa wa kuchujia floridi tulijua mkaa wenyewe unachoka haraka kiasi gani na mama wa kijijini atashindwa wapi, mtu wa Dar hiyo angeijulia wapi? Posho ni kweli inauma, mi mwenyewe nilikuwa nalala kwa shemeji.

chalii_sakina
Haya mzee nimekuelewa. Ila fundi asitumie siku zake za likizo, apambane na bosi mapema kabla hajasema ndiyo.

fundi_pasua
Asanteni sana. Nimeongea na bosi leo, siku za kikao haitakuwa likizo, nauli kasema "tutaona" na nyote mnajua maana yake. Kamati wameshatuma kazi ya kwanza, kila mtu alete vipimo vya mtiririko wa usiku kwenye zoni moja ya mtandao, saa nane mpaka saa kumi watu wakiwa wamelala, kinachopita hapo kingi ni uvujaji. Nafikiria kuanza na zoni ya Majengo. Naweza kwenda mwenyewe au?

mama_mita
Mwenyewe usiende. Chukua mlinzi na uwaarifu sungusungu mapema, mtu anayeinama kwenye chemba saa tisa usiku na tochi mdomoni hata mimi ningepiga yowe.