Naomba ushauri: postikadi za babu aliyekuwa baharia, nibandue stempu?

Binti Mkomani
Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Mkomani. Mwezi uliopita tulikuwa tukipaka chokaa nyumba ya marehemu bibi, na kwenye zidaka za chumba cha ndani nikakuta mkebe wa biskuti, kifuniko kimeshika kutu. Ndani mna postikadi arubaini na moja. Babu mzaa mama alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila alipotia nanga alimletea bibi kadi: Aden, Bombay, Durban, Port Said.

Sasa kuna mtu anayenunua vitu vya kale, amekuja mara mbili. Kadi hazitaki, ataka stempu tu. Ameniambia nizitie kwenye maji ya vuguvugu mpaka stempu zibanduke zenyewe. Bei aliyotaja si mbaya, na dari letu linahitaji boriti. Lakini mkono wangu unasita. Nyuma ya nyingi babu ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Msahafu nausoma, ila mwandiko wake wa haraka umenishinda.

Mbili zimenikosesha usingizi. Ya Port Said ina sanamu ya mtu mrefu kando ya bahari, amenyosha mkono. Stempu yake ina uso wa mfalme, na sijui ni mtoto gani hapa nyumbani aliyemchora mistari mitatu usoni. Nyingine haikutumwa wala kuandikwa, na maelezo yake yameliwa na wadudu, yamebaki "...bordeur". Ni bandari imejaa mashua, minara miwili ya chuma huku na huku, juu imeunganishwa kwa chuma kirefu, na chini kitu kama kijumba kinaning'inia kwa nyaya karibu na maji. Kwa mbali kilimani pana kanisa. Nataka kujua babu alifika wapi.

Fundi wa Jahazi
Waaleikum salaam. Dada, uza. Masika hayangoji boriti. Picha na maandishi utabaki nayo, kinachoondoka ni vikaratasi tu.

Mwalimu wa Shela
Ami Fundi, kwa heshima zote, hapa sikubaliani nawe. Kikaratasi hicho ndicho kimebeba nusu ya muhuri wa posta, na muhuri ndio wenye tarehe na jina la mji. Ukikibandua, unabaki na kadi isiyojua ilipotoka. Tena wino wa kalamu za zamani haustahimili maji. Utayaona maneno ya babu yakigeuka mawingu ya buluu ndani ya beseni. Na kwa wakusanyaji, kadi nzima yenye stempu na muhuri wake mara nyingi ina thamani kuliko stempu peke yake. Binti, usitie hata moja majini.

Na huyo mtoto msamehe, hana kosa. Yule wa kwenye stempu ni Mfalme Farouk wa Misri. Alipinduliwa Julai 1952, na mwaka 1953 posta ya Misri ikapiga mistari mitatu juu ya uso wake ili stempu zenye sura yake ziendelee kutumika. Mistari hiyo ni ya mtambo wa chapa. Chukua kioo cha kukuzia uone ilivyonyooka, kisha soma muhuri.

Sanamu ni ya Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyesimamia kuchimbwa kwa Mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869. Iliwekwa mdomoni mwa mfereji mwaka 1899. Mwaka 1956 Uingereza, Ufaransa na Israeli ziliivamia Misri, na Desemba mwaka huohuo sanamu ikaangushwa. Kadi yako imeikuta bado imesimama.

Binti Mkomani
Subhanallah. Nimeazima kioo kwa fundi saa. Mistari imenyooka kama ya rula, na muhuri unasema 1954. Mimi nimemgombeza mtoto wa dadangu bure.

Mtoto wa Malindi
Dada, ile ya pili ni Marseille, Ufaransa. Neno lililoliwa ni "transbordeur". Lile ni daraja lisilo na barabara juu: hicho kijumba ni kivuko, kilibeba watu na mikokoteni kutoka ng'ambo hadi ng'ambo kikining'inia kwa nyaya, na meli zenye milingoti mirefu zikapita chini bila kizuizi. Lilijengwa 1905. Kanisa la kilimani ni Notre-Dame de la Garde. Lipo mpaka leo.

Fundi wa Jahazi
Na leo daraja lipo?

Mtoto wa Malindi
Halipo. Wajerumani walililipua 1944. Kwa hiyo ikiwa babu alisafiri miaka ya hamsini, yeye hakuliona; alinunua kadi iliyobaki dukani. Hili lilinikosesha sana nilipoanza kukusanya. Muhuri unakwambia kadi ilitumwa lini, lakini picha yaweza kuwa na umri wa miaka mingi zaidi. Mimi kila kadi naiuliza mara mbili.

Kuhusu kuzihifadhi, achana na mkebe wa kutu. Hewa yetu ya chumvi huila karatasi. Tafuta sanduku la kadibodi safi, kila kadi katika bahasha yake ya karatasi nyeupe, na utie vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, vinyonye unyevu. Plastiki laini yenye harufu kali usiitumie, na usizipeleke kufungwa ndani ya plastiki ya moto kama kitambulisho. Hapo hutazitoa tena. Ukitaka kuandika jambo, penseli laini, nyuma, pembeni.

Mwalimu wa Shela
Na maandishi, mpelekee mzee aliyezoea barua za hati ya Kiarabu. Lamu bado wapo, lakini si wengi, basi nenda wiki hii. Mrekodi kwa simu anaposoma. Usisahau pia kupita ile posta ya zamani ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1888 ikafungwa 1891. Leo ni makumbusho, utaona barua za meli zilianza mapema kiasi gani hapa kwetu.

Binti Mkomani
Nimerudi. Mnunuzi nimemwambia hapana, boriti tutachanga. Jana jioni nilimpelekea jirani yetu mmoja, bibi wa miaka themanini na kitu. Alivaa miwani, akaanza kuisoma ile ya Port Said kama anayeongea na bibi yangu: "Tumesimama hapa siku ya pili twangoja zamu ya kuingia mferejini. Jua ni la Lamu lakini kivuli hakuna. Je, mwashi amemaliza ukuta wa kisima? Usimlipe yote mpaka amalize."

Fundi wa Jahazi
Na ukuta ulimalizwa?

Binti Mkomani
Upo, ami. Nimetoka kufua nguo kando yake sasa hivi. Zimebaki kadi arubaini. Kesho baada ya alasiri twasoma ya Aden.