Majani ya porini ya Krete, yanatibu kweli?

Wakuu habari, niko Krete huku Ugiriki, kifua kimenibana siku tatu na mama mwenye nyumba kanichemshia majani flani anayaita malotira, meupemeupe yana vinyoya laini kama sikio la sungura, nikapiga vikombe viwili nikalala fofofo. Ni dawa au joto la chai tu?

— Hiyo ni chai ya mlimani, inaota juu huko milima ya Lefka Ori, wenyewe wanainywea mafua, kikohozi na tumbo likivuruga. Hata wakala wa dawa wa Ulaya wanaitambua kwa kikohozi cha mafua, ila kwa kigezo cha kutumika miaka mingi, sio majaribio ya kitabibu.

— Ulizia na diktamo, porini inaota Krete peke yake kwenye nyufa za magenge. Aristotle kaandika eti mbuzi mwitu akichomwa mshale anaitafuta aile mshale utoke 😂 hapo mi simo, ila kwa tumbo wanaisifu sana. Usiende kuchuma, inalindwa, nunua ya kulimwa.

— Faskomilo je, ile chai ya majani ya sage? Mke wangu mjamzito kaipenda

— Aache kabisa mkuu, ina thujoni, kemikali ya mmea isiyofaa kwa mjamzito