Mvua ya mawe na upepo vimelaza bustani yote ya mboga, nianzie wapi?

KitaluKidogo:
Wakuu, naomba msaada wa haraka. Usiku wa kuamkia leo imepiga mvua ya mawe na upepo mkali. Nyanya zimelala pamoja na vijiti vyake, baadhi zimevunjika shina na kuning'inia kwa ganda tu. Kabichi zimetobolewa kama chekecheo. Maharage machanga yamekatika, mahindi yamelalia upande mmoja, karoti na vitunguu vimebaki mizizi nje. Sehemu ya chini maji bado yamesimama kati ya matuta. Ndani nina urea na dawa ya ukungu. Nianze na mbolea, nianze na dawa, au ning'oe nipande upya?

FundiMatuta:
Pole sana mkuu. Mbolea na dawa ziweke pembeni kwanza, hangaika na maji. Mzizi uliozama haupati hewa. Pilipili na maharage huanza kuharibika ndani ya siku moja au mbili tu, na kukiwa na joto ni mapema zaidi.

Simama nje ya tuta, chimba mfereji kutoka pale maji yalipotuama mpaka sehemu ya chini kabisa ya bustani. Upana wa jembe na kina cha sm 20 hadi 30 vinatosha. Usikanyage tuta hata kama mmea umelala mbele yako. Udongo uliolowa ukishindiliwa na mguu, matundu ya hewa yanazibika na hayafunguki msimu mzima, hasa ukiwa wa mfinyanzi. Ukilazimika kuingia, tandika ubao. Kujua kama pako tayari, chota konzi ya udongo kutoka kina cha sm 10 uifinye. Maji yakichuruzika, au likibaki donge linalong'aa, subiri. Donge likimeguka ukiligusa kwa kidole gumba, ingia.

Kuna kosa moja linaua mimea iliyokwisha kuponea dhoruba: mtu anaona jani limenyauka, anachukua ndoo ya maji. Mmea ulionyauka juu ya udongo uliolowa haujakosa maji, mizizi yake imeshindwa kuyanyonya kwa kukosa hewa. Ukiumwagilia unaumalizia.

BiMchicha:
Naongezea hapo. Usiamue kung'oa kwa kuangalia majani, majani yanadanganya. Angalia ncha inayochipua.

Nyanya. Shina lililopasuka lakini ganda lake limeshika walau nusu, linyanyue polepole, rudisha kidonda kikutane, zungushia utepe wowote laini na ulifunge kwenye kijiti kama gango. Fanya leo, kidonda kikishakauka hakiungi tena. Lililokatika kabisa, likate vizuri kwa kisu safi juu kidogo ya kwapa la jani lililo zima, chipukizi la hapo ndilo litakalokuwa shina jipya. Kile kipande cha juu usikitupe! Kata sm 15 hivi, ondoa maua na majani ya chini, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini. Nyanya hutoa mizizi kwenye shina, kwa hiyo baada ya wiki moja mpaka mbili una mche mwingine bila kusia mbegu.

Zilizolala bila kuvunjika usizivute kwa nguvu zisimame kwa mara moja, utakata mizizi iliyobaki ardhini. Nyanyua kidogo leo, malizia kesho, kisha pandishia udongo shinani. Safari hii vijiti viwe na urefu wa m 1.8 na angalau sm 50 ziwe chini ya ardhi. Kamba ipite kwa umbo la nane kati ya kijiti na shina, ikibana moja kwa moja upepo ujao utaichonga ngozi ya mmea.

Kabichi, funua katikati. Moyo ukiwa mzima, matundu ya majani ya nje hayana neno. Moyo ukiwa umepondeka, kichwa hakifungi tena. Itachipua vichwa vidogo pembeni, basi itumie kama mboga ya majani au uipishe nafasi.

Maharage yaliyokatika chini ya yale majani mawili manene ya mbegu hayarudi, panda upya. Yaliyokatika juu yake yanaweza kuchipua. Mahindi machanga yaache, yanajinyanyua yenyewe. Karoti zifukie mabega kwa sm 2 za udongo tifutifu, jua likiyapiga yanageuka kijani na kuwa machungu. Vitunguu funika mizizi tu, ukifukia tunguu lenyewe unaalika kuoza.

JaniKavu:
Nakubaliana na wote. Kwenye majani yaliyochanika sitaki mtu ashike mkasi kwa hasira. Jani lililochanika lakini bado kijani linaendelea kutengeneza chakula. Ondoa yaliyokufa, yanayogusa tope na yaliyoning'inia, na usizidishe theluthi moja ya majani ya mmea kwa mkupuo. Ukiivua nyanya majani yote, matunda yanaungua na jua.

Dawa ya ukungu: subiri majani yakauke, nyunyiza siku hiyohiyo. Kila kidonda cha barafu ni mlango wa magonjwa ya ukungu kama bakajani, na wa bakteria. Dawa ya ukungu aina ya mankozebu inazuia, haitibu, kwa hiyo ukisubiri mpaka uone madoa umechelewa. Dawa yenye kopa (shaba) inasaidia pia upande wa bakteria. Pata juu na chini ya jani, na usome kwenye kifungashio ni siku ngapi kabla ya kuvuna.

Urea, hapana kwanza. Ni kweli mvua imeisomba naitrojeni, na majani ya chini yatakuwa ya njano, lakini mzizi uliojeruhiwa hauwezi kuitumia na chumvi yake inauunguza. Ngoja uone majani mapya. Hapo nusu kijiko cha chai kwa kila nyanya, sm 10 hadi 15 kutoka shinani, na ufukie. Ukiiacha juu inageuka gesi, inapotea.

KitaluKidogo:
Asanteni sana. Mfereji unachimbwa sasa hivi. Nimegundua tatizo lingine: maji ya sehemu ya chini yamepitia kwenye karo la choo. Mchicha wa pale na nyanya zilizoiva naweza kuviosha vizuri nikala?

BiMchicha:
Hapana. Kwanza vaa buti na glavu kabla hujaendelea na huo mfereji, na usiuelekeze kisimani wala kwenye matuta mengine. Mchicha na kila mboga ya majani iliyoguswa na maji hayo ng'oa na ufukie mbali, usiutie kwenye mboji. Uchafu unaingia kwenye mikunjo na majeraha ya jani, kuosha hakuutoi. Nyanya zilizoiva zikaguswa na maji, tupa. Mbichi zilizo juu kabisa ambazo maji hayakuzifikia wala kuzirukia, ziache ziive.

Kupanda tena eneo hilo, fuata kipimo cha samadi mbichi: siku 90 tangu maji yaondoke mpaka kuvuna mazao yasiyogusa udongo, siku 120 kwa yanayougusa kama karoti na letasi. Ukipanda mahindi leo, muda huo unapita yakiwa shambani.

FundiMatuta:
Na kama karibu na hapo kuna mafuta ya gari au kemikali zilizohifadhiwa chini, hizo siku 90 hazihusiki kabisa. Mafuta hayaozi kama kinyesi. Toa udongo wa juu kwanza.