"Kilikufa chenyewe"?! Huyu mtu wa redio anatutafutia nini?

Mwana_Dunga: Wadau, bado natetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa asubuhi mwenye kicheko cha fisi aliyeona mzoga. Leo msikilizaji amemuuliza kuhusu KPU (Kenya People's Union), kile chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga. Akacheka dakika nzima, mpaka samaki wa Ziwa Victoria wakaondoka ufukweni, halafu akasema: "Aa, kile? Kilikufa chenyewe."

Chenyewe! Kama kuku wa kideri!

Jaramogi alitoka KANU, chama tawala, 1966 baada ya mkutano wa Limuru, pale walipokikata kiti chake cha makamu wa rais wa chama vipande 8 ili akose pa kukalia. Wabunge waliomfuata KPU wakabadilishiwa katiba mbio mbio, wakarudishwa kwa wapiga kura kugombea viti 29 upya. Wakapata 9. Mwaka 1968, uchaguzi wa mabaraza, wagombea wa KPU karibu 1,800 wakaambiwa fomu zao zimejazwa vibaya. Watu 1,800, hakuna hata mmoja aliyejua kujaza fomu? Na wa KANU wote walijua? Halafu mtu ananiambia chenyewe!

Babangu alikuwa pale Russia, ile hospitali ya Kisumu, tarehe 25 Oktoba 1969, siku Rais Kenyatta alipokuja kuifungua. Alikimbia risasi, kiatu kimoja kikabaki huko. Siku 5 baadaye chama kikapigwa marufuku. Leo mzee alikuwa mezani nami redio ikiongea. Aliposikia "kilikufa chenyewe" akaweka kikombe chini, akaenda kulala. Saa mbili asubuhi. Akaenda kulala!

Jogoo_Mstaafu: Dakika nzima? Ulikuwa umeshika saa? Punguza chumvi, ndugu, presha itakuua kabla ya uchaguzi.

Mama_Kandara: Mwache aseme. Ila na sisi tuna yetu. Mbunge wetu Bildad Kaggia alitetea wasio na ardhi, akahamia KPU, 1966 akaangushwa kwenye uchaguzi hapa kwetu Kandara. Nani humlilia Kaggia? Kila mwaka Jaramogi, Jaramogi.

Bahari_Tu: Kilichojivunja chenyewe ni KADU, chama kingine cha upinzani, 1964, kikaingia KANU kizima kizima. Huyo mtangazaji amechanganya maiti. Na KADU kikazikwa pamoja na majimbo yetu Pwani, yaani mikoa kujitawala. Hilo mbona hamfungulii uzi?

Mama_Kandara: Majimbo yangekulisha? Sisi tulikuwa tunadai mashamba.

Bahari_Tu: Mashamba! Mama, unajua Pwani kuna watu wangapi wanaishi kwenye ardhi isiyo na hati? Usinianze.

Jogoo_Mstaafu: Haya, sasa tumefika kwenye hati. Mimi yangu naifuatilia tangu nina nywele nyeusi.

Mwana_Dunga: Jamani, mzee bado amejifungia. Nimemgongea mara mbili.

Bahari_Tu: Mpe pole zetu. @Jogoo_Mstaafu, hati yako ni ya wapi?