Natafuta masta ya elimu ya mtandaoni yenye karo nafuu, niko Nairobi, naomba ushauri

Mwalimu_Kayole
Habari zenu wote. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko chini ya TSC (Tume ya Huduma za Walimu), nafundisha Kiswahili na Historia. Nataka kusoma masta ya elimu, hasa usimamizi ama mitaala, lakini iwe ya mtandaoni kabisa juu shule iko Makadara nami naishi Kayole, jam ya jioni mnaijua, na nina mtoto mdogo, kwa hivyo madarasa ya jioni ya mjini siwezi.
Shida ni karo. Mkopo wa sako ukishakatwa pamoja na yale makato mengine payslipu inabaki nyembamba sana. Nimeona tangazo Facebook la chuo cha Marekani, masta kwa miezi tisa, na hata transkripti hawaulizi. Kuna kingine cha hapa Kenya karo ya semesta naona naeza, lakini nikiuliza jumla mpaka mwisho napewa tu ile ya semesta. Nisaidieni, ni wapi nafuu na itatambuliwa? Nataka kufanya hii kitu vizuri, nimeitamani tangu nimalize digrii ya kwanza.

ChakiNaDasta
Mwalimu karibu. Kabla ya kukwambia chuo nikuulize, masta unaitaka ya nini? Kama ni kupanda daraja TSC, jua kwamba tangu miongozo ya 2017 hupandishwi ati kwa sababu umeleta cheti cha uzamili. Nafasi inatangazwa, unaomba, unaitwa intavyuu. Masta inakusaidia kwa hiyo intavyuu lakini mshahara haupandi siku unayograjuweti, na nimeona walimu wakikopa pesa nyingi wakihesabu nyongeza ambayo hawajaahidiwa na mtu. Ukiwa na nia ya kwenda kufundisha chuo kikuu ama kufanya kazi ya mitaala hiyo ni hesabu ingine kabisa.

BabaTasha_Rongai
Hilo tangazo la miezi tisa bila transkripti achana nalo leo leo. Chuo kisichotaka kuona digrii yako ya kwanza kinauza karatasi.
Cheti cha nje ukikileta hapa CUE, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ndio wanaangalia kama chuo kimeidhinishwa kule kwao na kama digrii yako inalingana na zetu. Sasa Marekani serikali yenyewe haiidhinishi vyuo, kazi hiyo inafanywa na mashirika, halafu Wizara yao ya Elimu inatoa orodha ya mashirika inayoyatambua. Wajanja wameunda mashirika yao ya uongo ya kuidhinisha vyuo vyao vya uongo, kwa hivyo ukiona neno "accredited" kwa tovuti usitulie, uliza ni nani amewaidhinisha halafu mtafute huyo kwa hiyo orodha. Na ujipeleke CUE mapema, uwaulize kabla hujalipa hata shilingi.
Kingine ni dola. Yuniti moja ya dola 400 ukipiga kwa 129 ni 51,600, na masta ina yuniti nyingi. Halafu masaa. Darasa la saa moja jioni New York wakati wao wa baridi, hapa ni saa tisa usiku, na saa kumi na mbili asubuhi unatakiwa uwe kwa steji. Uliza kama masomo ni ya kurekodiwa ama lazima uwe hapo laivu.

Msomaji254
Nakubaliana na Baba Tasha lakini msimtishe sana, vya halali vya bei ya chini viko. University of the People ya Marekani ina masta ya ualimu ya mtandaoni, hawalipishi masomo, unalipia ada ya tathmini kwa kila somo, kwa hivyo unaenda na mfuko wako. WGU, chuo kingine cha Marekani cha mtandaoni, mtaambiwa na ndugu walioko Texas ni poa, na kweli karo yao ni moja kwa muhula hata ukimaliza yuniti nyingi, lakini ni ya wanaoishi Marekani, usipoteze muda.
Karibu na sisi kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kimekuwepo tangu 1992 na hii masomo ya mbali ndiyo kazi yake, wana M.Ed. (masta ya elimu) ya utawala, mipango na sera, ambayo ni kama ile unataka. Kuna UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini kule Pretoria, wamefundisha kwa posta tangu 1946 kabla hata ya intaneti. IGNOU, chuo kikuu huria cha India, pia. Hapa nyumbani angalia Kenyatta, UoN (Nairobi), Maseno na MKU (Mount Kenya), wote wana upande wa mtandaoni. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kule Konza kilipewa hati 2023, kwa hivyo fuatilia wanafungua kozi gani za uzamili.

DadaUmoja
Mwalimu mwenzangu acha nikwambie pale pesa inapoishia, ni kwa tasnifu. Kozi za darasani nilizimaliza vizuri, nasoma PDF kwa matatu, asaimenti natype usiku mtoto akilala. Halafu nikaingia tasnifu na chuo chetu, sitakitaja, msimamizi akakaa na sura ya pili miezi mingi bila kujibu imeili, na kila semesta nikisubiri nalipa karo ya kuwa mwanafunzi. Hapo ndipo karo ya semesta inakudanganya. Uliza hivi: nikichelewa kwa sababu msimamizi amechelewa, nalipa nini? Na uliza kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya serikali ya sayansi na teknolojia), ada ya kutetea tasnifu, maktaba na grajuwesheni viko ndani ama ni pesa ingine. Uliza pia kama lazima uchapishe makala kwenye jarida kabla ya kumaliza, juu majarida mengine yanalipisha. Wakikataa kuandika hayo majibu kwa imeili, tafuta kwingine.
Ukipata kozi ya masomo na mradi mfupi itakuwa rahisi, ila kama una ndoto ya PhD chagua yenye tasnifu.

kijana_Githurai
Samahani kuingilia, mimi nina BA ya Kiswahili na Sosholojia, nikisoma hiyo masta ya elimu TSC watanisajili?

ChakiNaDasta
@kijana_Githurai hapana ndugu. Masta haichukui nafasi ya Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ile PGDE, hiyo ndiyo ya watu ambao digrii yao si ya ualimu. Na unahitaji masomo mawili yanayofundishwa sekondari na C+ kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kwa yote mawili. Sosholojia haifundishwi sekondari, kwa hivyo peleka transkripti TSC uulize kama una somo la pili kabla hujalipia chochote.

Msomaji254
Nilisahau kubwa. Mwalimu, kuna skolashipu ya Commonwealth ya masomo ya mbali, Uingereza wanalipa karo nawe unabaki hapa hapa Kayole na kazi yako. Wakenya wanaruhusiwa. Wanataka digrii ya kwanza ya daraja la pili la juu, ama la chini ukiwa na sifa ingine ya uzamili inayohusiana. Kozi zinabadilika kila mwaka kwa hivyo ingia kwa tovuti yao wenyewe. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, pia wana mkopo wa uzamili, ila kama una deni la digrii ya kwanza lilipe vizuri kwanza.

Mwalimu_Kayole
Asanteni sana, sikutarajia hivi. @ChakiNaDasta umeniuliza swali gumu na nimelifikiria kwa siku kadhaa, jibu ni mitaala, nataka siku moja niandike vitabu vya watoto wetu wasome Kiswahili wakipende, kwa hivyo kupanda daraja kukija ni baraka tu. Digrii yangu ni daraja la pili la juu kwa hivyo Commonwealth najaribu. Wakati nasubiri nimeandikia vyuo vitatu imeili na maswali ya DadaUmoja vile vile alivyoyaandika, kimoja kimeshajibu na jumla ya karo yote mpaka grajuwesheni, vile viwili vikijibu nitaweka hapa.
Na yule amenitumia inbox ati ataniandikia tasnifu kwa bei poa, tafadhali usinitumie tena. Kazi nitaandika mwenyewe.

DadaUmoja
Weka hayo majibu madam, nasi wengine tunayahitaji. Na ukifika proposo (pendekezo la utafiti) nitumie, nitaisoma.