Naomba ushauri: mnyororo, cheni au mfuatano?

Habari zenu wadau. Nipo Dar, Temeke, nafanya kazi ya kutafsiri. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kazi za kisheria zimeongezeka, na neno moja la Kiingereza, "chain", linaninyima usingizi, hasa kwenye "chain of custody".

Kielelezo, tuseme pakiti ya dawa za kulevya, kinatoka kwa askari aliyekikamata, kwenda kwa mtunza vielelezo, hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha kinarudi mahakamani. Kila anayekipokea anaweka saini, na mkono mmoja ukikosa maelezo, kesi inaweza kuyumba. Wengi wanasema "mnyororo wa utunzaji wa vielelezo". Mimi naona mfungwa mwenye pingu! Tena kwetu Pwani mnyororo bado unakumbusha biashara ya watumwa.

Mtaani hakuna shida. Jana fundi wa bodaboda Tandika kanionyesha cheni iliyokauka grisi, kapinda pingili moja kwa kidole: "Hii ikikatika, yote haina kazi." Nikasema, hiyo hasa ndiyo maana ninayoitafuta! Shingoni ni mkufu au cheni, shambani tuna mnyororo wa thamani, shuleni mnyororo wa chakula. Ila kile alichofanya mwanafizikia Enrico Fermi pale Chicago mwaka 1942, atomu moja kupasuka na kupasua nyingine, naandika "mmenyuko mfululizo".

Naombeni ushauri, hasa mawakili na walimu wa sayansi: mahakamani nibaki na mnyororo, au niandike "mfuatano wa makabidhiano"? Tafsiri naiwasilisha Ijumaa.