MREJESHO: Kutembea Tanga hadi Pangani kuchangia vijana

Wakuu, mimi ndo nliyeuliza kuhusu kutembea kwa mguu Tanga hadi Pangani kuchangisha hela ya cherehani mbili za kikundi cha vijana mtaani kwetu, ya kawaida na ya kudarizi. Asanteni sana, hasa aliyesema tupake mafuta ya mgando vidoleni na soksi tuvae mbili mbili, yaani malengelenge sikuyaona, waliodharau walianza kuchechemea hata Tongoni hatujafika. Kutoka baada ya swala ya alfajiri nako kumesaidia, jua la barabara ile mnalijua wenyewe.

Ahadi za watu kutuchangia kwa kila kilomita tuliyotembea ndo zimegoma, kila mtu "kesho nakutumia", hela iliyoonekana ni ya waliotoa kabla hatujaondoka. Cherehani ya kawaida imepatikana, ya kudarizi bado tunaisikilizia.